Shuka ya Nane ku Kilima

Kama umesimama, ikala kwanza. Hii yenye nitakuelezea, wa kwanza kuisikia alisema ni bongo, uongo mutupu, wa pili akacheka, na wa tatu, mama mumoja wa palepale ku Kiringye, alifunika uso na kitambaa. Mu miaka ya Babeleji, mayi ilipanda kupita vile ilikuwaka inapanda, na ku kilima shuka ikaambia batu kama mayi imekauka. Na mwenye alifanya ile shuka iseme vile hakuwa mulevi. Hakuwa mubongo. Alikuwa anataka kusema kweli, na alikuwa na haraka.

Jina yake Sévère. Kazi yake, mulinzi wa mayi.

Muto yenyewe banaitaka Rwabika. Unatoka mu milima, unapita mu mawe nyuma ya kilima fulani, unazunguka kile kilima pole pole, kisha unaingia mu bonde, kwenye batu banalima pamba na mupunga. Muto kidogo tu, lakini uko na hasira. Mvua inanyesha kule juu, weye huku uko mu jua unakausha mihogo, na mayi iko njiani inakuja kukukamata.

Sasa muzungu mumoja wa kupima mayi alikuja, akachomeka muti murefu mu yale mawe ya nyuma, akaupaka alama, kila alama shibiri moja. Alama moja akaipaka nyekundu: pale njo mayi ya kawaida. Kisha akapanda ku kichwa ya kilima, akasimamisha nguzo mbili, akavuta waya, akajengesha kajumba ka majani, na akapatia Sévère shuka ine nyeupe, kubwa, zile za kulalia bazungu.

Shuka ine tu, na zenyewe zinasema hesabu mingi! Sikia vile. Kila shuka iko juu ao haiko juu, nusu haiko. Ukiwa mu bonde, ile ya ku mukono wa kuume ni moja. Yenye inaifuata ni mbili. Ingine ni ine. Ya mwisho, ku kushoto, ni nane. Unaangalia zenye ziko juu, unaziweka pamoja, basi. Moja na ine ziko juu? Mayi imepita alama nyekundu shibiri tano. Zote ziko juu? Kumi na tano, beba mutoto ukimbie, acha sufuria. Hakuna yenye iko juu? Zéro, endelea kulima.

Batu bakazoea. Mpaka bale benye habakujua kuandika jina yabo balikuwa banasoma shuka toka mbali, na jembe ku bega. Na kitu kimoja kila muntu alikijua: nane ikiwa juu, hata peke yake, toka mu mashamba ya chini. Sévère aliipandishaka mara moja, mwaka wa mvua kali, na hakuna hata kuku ilikufa. Siku ile bakamuletea pombe mpaka akalala mu njia.

Halafu ikaja jua. Jua ya kweli, ya kupasua udongo. Bazungu balikuwa banachimba mufereji wa mupunga, na sasa balitaka kujua mayi iko chini ya ile nyekundu kiasi gani, kitu chenye hakuna muntu aliulizaka. Bakaongeza alama nane ku muti, za kushuka mpaka mu muchanga. Na Anastase, moniteri wa mashamba, akapanda ku kilima na kofia yake, jasho mpaka mu soksi.

"Sévère, toka leo shuka ya nane haiongeze tena. Inaondoa."

"Inaondoa nini, moniteri?"

"Inaondoa nane. Tuseme mayi iko chini ya nyekundu shibiri moja. Utapandisha gani?"

"Shuka ya kusema chini haiko."

"Iko! Pandisha zote ine. Ile ya nane inaondoa nane. Zile tatu zingine zinarudisha saba. Unabakia na deni ya ngapi?"

Sévère akahesabu na vidole, kisha akahesabu tena, juu alifikiri vidole vinamudanganya. "Moja."

"Njo ile. Chini, moja. Na mayi ikiwa chini saba, unapandisha nane na moja. Ikiwa chini nane, kwenye muti unaishia, muto umebakia bidimbwi tu, unapandisha nane peke yake."

"Nane peke yake," Sévère akarudilia pole pole. Ile neno ilimukaa mubaya mu kinywa. "Juu ya nini musilete shuka ya tano, ikuwe ya kusema chini?"

"Ofisi ilitoa ine. Unafikiri shuka zinaota mu shamba ya pamba?"

"Pamba si tunalima sisi?"

Anastase akacheka, lakini kidogo tu, akaangalia nyuma kwanza kama muzungu haiko karibu.

"Na mayi ikipanda juu ya nyekundu shibiri nane?" Sévère akauliza. "Nitasema na nini? Zile tatu zinaishia ku saba."

"Saba inaenea. Ukiona saba, si utakimbia? Weye unapenda kutafuta mbwa mwenye hajakubweka bado."

Na ni kweli, ku bonde batu balishika ule mupango mupya mbiyo kuliko Sévère mwenyewe. Bakaufanya muchezo. Concilie, mama munene wa sauti kubwa, mwenye hakuwaka na haya ya muntu yoyote, alikuwa anasema mbele ya bwana yake mwenyewe: "Huyu wangu ni shuka ya nane. Akiingia tu mu nyumba, bugali inapunguka!" Batu banakufa kucheka. Bwana anacheka naye, afanye nini.

Lakini iko kitu ingine, na hii njo ilileta mambo. Muto ukikauka, kambale zinabakia zimefungwa mu bidimbwi. Mu siku za bababu, mwenye aliamuka mbele alizibeba zote, na batu bakakatana na mapanga juu ya samaki. Chefu akaweka mupango: hakuna muntu ataingia mu muto kuvua mpaka ule wa ku kilima aseme mayi imefika mwisho. Bamama bote banangojea ku pembeni na batunga, kisha banaingia pamoja, kila muntu bahati yake. Mwenye aliingia mbele ya shuka, banamuita mukono ya fisi, na ile jina inafuata hata batoto yake mpaka ku ndoa.

Kwa hiyo ile mwaka ya jua, bonde zima ilikuwa inaangalia shuka ya nane kama vile munaangalia sufuria ya siku kuu.

Asubuyi ya siku yenyewe mayi ilikuwa chini saba. Juu ya waya: nane na moja. Pudentienne, bibi ya Sévère, alipandia mule mule mu muto, mu mawe, kwenye alipitaka kila siku kumuletea chakula, juu ni njia ya mukato. Njia ya pembeni ni ya kuzunguka, na yeye hakupendaka kuzunguka, hata mu maneno.

"Baba Niyonsaba," akamuambia, kwa jina ya mutoto wabo, akiweka bugali chini, "ile shuka ya moja itashuka lini? Concilie anasema leo ikikawia, atapanda huku kukupiga na tunga."

"Mwambie mayi haina haraka."

"Mayi haina haraka, lakini tumbo iko nayo. Ona vile batoto bamekonda." Akatosha majani mu nyuele za bwana yake, ile majani ya kajumba. "Weye unalala mu hii nyumba ao nyumba njo inakulalia? Minye nitakuwa ku kidimbwi cha juu, hapa chini yako. Peke yangu. Bale bengine bako na makelele, kambale zinajificha. Ya kwanza nitakuletea weye."

"Mukubwa?"

"Mukubwa kama kichwa yako."

Akashuka. Sévère akamuangalia mpaka akapotea mu kona.

Sasa, huku mu bonde jua ilikuwa inawaka, mbingu safi kama sahani. Lakini nyuma, ku milima, ilikuwa nyeusi toka usiku. Sévère alishuka ku muti wake wa alama, kule mu mawe, kuona kama ile shibiri ya mwisho imeenda. Mbele afike akasikia kitu kama gari kubwa. Na gari gani itapita mu mawe? Akasimama. Upepo ya baridi ikamupiga ku kifua. Kisha akaiona: mayi ya rangi ya udongo, na miti nzima ndani, mizizi juu, inasukumana kama ngombe mu mulango. Muti wa alama ukatetemeka. Nyekundu ikazama. Mbili, ine, saba. Nane.

Sévère akageuka, akapanda kilima na mikono na miguu kama nyani, kinywa wazi. Kichwani alikuwa na neno moja tu: nane. Mayi imepanda nane. Bengine bako kule chini, Pudentienne iko kule chini. Muto lazima uzunguke kilima mbele ya kuingia bonde. Nafasi iko, ya kumenya mihogo ya sufuria moja, si zaidi. Akafika ku waya. Akaona nini? Shuka ya nane iko juu tayari! Na moja ku mwisho ingine ya waya. Mungu asifiwe, kazi imebakia kidogo. Akakamata ile ya moja, akaivuta, ikaanguka.

Nane peke yake.

Mukono wake ulifanya vile ulifanyaka ile mwaka ya mvua kali, ile mwaka ya pombe. Akili ya mupango mupya ilikuwa kule nyuma, ingali inapanda kilima. Akaanguka chini na matako, akapumua. Akasema, "Bamepona." Alisema hata mara mbili.

Kisha akasikia bigelegele.

Toka bonde. Bigelegele ya bamama mingi, na nyimbo, na Concilie juu ya sauti zote. Sévère akatabasamu kwanza, unaweza kuamini? Alifikiri banamushukuru. Akasimama kuangalia, na akaona batu kidogo kidogo kama mchwa, na batunga ku kichwa, banatoka pembeni ya muto, banashuka ndani. Ndani! Bote pamoja, na batoto ku mugongo.

Pale njo akili yake ilifika juu.

"Yoo! Mana yanje! Mungu wangu!"

Akarukia waya. Akashusha nane. Akapandisha moja, mbili, ine, vidole vinakatika: saba, saba ni bongo, mayi iko nane na sasa labda kumi, lakini saba inaweza kufukuza muntu, shuka ya saba ipige kelele! Ikapepea mu upepo, nyeupe, nzuri. Na hakuna muntu aliinua kichwa. Kuangalia shuka ni wakati unangojea. Ukisha kuona kambale inageuza tumbo mu matope, utaangalia kilima ya nini? Sévère akaita mpaka kitu kikapasuka mu koo. Ile wakati telefone ya kusema allô tokeni mu mayi haiko. Kengele haiko. Iko muntu mumoja na shuka ine.

Sasa nisikilize muzuri hapa, juu hapa njo mambo yenyewe iko.

Chini ya kilima, karibu, alimuona Pudentienne ku kidimbwi cha juu, ameinama, peke yake, kikwembe amefunga mu kiuno. Akikimbia sasa hivi, na njia ya mukato, atamufikia. Atamukamata mukono, bataruka pembeni. Ile ilikuwa kitu ya hakika. Lakini bale bengine bako mbali, ku kona ya pili, na hata angekuwa na miguu ya swala hangebafikia.

Na mu mufuko ya kaputula alikuwa na kiberiti.

Aliangalia kajumba. Majani makavu ya mwaka muzima ya jua. Ikiwaka, moshi itaonekana mpaka Kavimvira. Bale bamama batainua kichwa, hiyo ni lazima, na kwa kuona muzuri batapanda pembeni, juu toka ndani ya muto kilima haionekane muzuri. Batapona na kutaka kuona tu. Lakini Pudentienne? Pudentienne akiona nyumba ya bwana yake inawaka, hatapanda pembeni. Sévère alijua bibi yake. Atatupa tunga, atapanda kuja kumutosha mu moto, na atapita njia yake ya kila siku. Mu muto. Kuelekea mayi.

Alisimama pale na kiberiti mu mukono. Batu banabishana mpaka leo alisimama muda gani. Concilie alisemaka ni kidogo sana. Sévère mwenyewe, bakimuuliza, alijibu tu: "Nilisimama."

Akawasha.

Majani ikakamata kama ilikuwa inangojea. Moshi mweusi ikapanda moja kwa moja, na kule mbali Concilie, na kambale mu mikono mbili, akainua kichwa.

"Ee bamama! Nyumba ya Baba Niyonsaba inaungua!"

"Wapi?"

"Kule! Toka humo, panda hapa uone! Panda!"

Na bakapanda. Mumoja, kisha kumi, kisha bote, banasukumana ku pembeni, mikono juu ya macho, batunga bameacha mu matope. Bengine balikuwa tayari banalia juu yake: muntu muzuri vile, anaungua muzima.

Sévère hakungojea kuona ile. Alikuwa anakimbia kushuka, anaanguka, anaamuka. Na alimuona. Alikuwa anakuja, Pudentienne, anaruka toka jiwe kwa jiwe, kikwembe kimefunguka, anaita jina yake, ile jina ya ubatizo yenye hakumuitaka mbele ya batu: "Sévère! Sévère!" Sévère akapunga mikono, vile unafukuza ndege mu mupunga: toka, enda pembeni, toka! Na yeye, kwa kuona bwana yake ako muzima na anapunga, akafikiri anaomba musaada. Akaongeza mbiyo.

Mayi ikatokea ku kona.

Ku bonde bamama habakusikia kitu mbele ya kuona. Balikuwa bangali banaangalia moshi. Kisha muto wenye balikuwa ndani yake ukakuwa ukuta ya matope na miti, ikapita mbele ya miguu yabo, na batunga zote zikaenda. Hakuna mwenye alibaki ndani. Hata mutoto mumoja. Concilie akahesabu bamama na kidole, akarudia, na alipokosa mumoja alijua ni nani mbele ya kutaja.

Balimupata Pudentienne kisha mayi kushuka, ku majani ya Ruzizi, ule muto mukubwa wa chini. Ku matanga, bamama ba Kiringye balileta chakula, bakaikala chini karibu na Sévère, na hakuna mwenye alijua amushukuru ao amutukane. Juu, fikiria: shuka yenye ilibaingiza ni yake. Moshi yenye ilibatosha ni yake. Mama wa Pudentienne, muzee, alimuuliza mbele ya batu bote:

"Mwana wanje, ulijua kama atapitia mu muto?"

"Nilijua, mama."

"Na ulikuwa unaweza kumufikia?"

"Nilikuwa naweza."

 Muzee akavuta Niyonsaba, mutoto wabo, akamuweka ku magoti yake, akageuza mugongo. Hakumusemesha tena Sévère mpaka alipokufa.

Na Concilie, ule wa michezo, akasema pole pole, sauti yenye batu habakuijua: "Minye nilikuwa na kitoto ku mugongo. Kingali kinanyonya. Munataka niseme nini?"

Moniteri Anastase alifika kisha siku kidogo. Hakuvaa kofia. Alikuwa na kitu mu mukono, imefungwa mu karatasi ya ofisi, na aliiweka chini mbele ya Sévère bila kumuangalia mu macho. Ilikuwa shuka. Ya tano.

"Bamesema na hii utaweza kufika mpaka kumi na tano juu," akasema. "Na chini kumi na sita."

Sévère akaigusa. Mupya, ingali na harufu ya duka. Akauliza, "Ilikuwa wapi?"

Anastase akaanza kukunja ile karatasi ya ofisi. Sévère hakupanda tena ku kilima. Bakatafuta muntu mwingine, mugeni, mwenye hakuwa na muntu wake mu bonde. Ile shuka ya tano ilipepea miaka mingi, na mayi haikufika tena nane. Kila mwaka ya jua, kambale zikibakia mu bidimbwi, bamama ba Kiringye balishuka nyuma ya bengine bote, bamekwisha kuangalia milima kwanza, na kidimbwi cha juu balikiacha. Hakuna mwenye alisemaka bakiache.

Ku Kiringye iko batu benye banasema Sévère aliua bibi yake na moshi. Iko bengine, na bajukuu yabo leo, benye banasema bila ile moshi bo bote habangezaliwa. Banakunywa pamoja, banabishana, banarudi ku nyumba bila kumaliza.

Sasa weye. Uko ku kilima, mayi iko inazunguka nyuma yako. Chini hapa, karibu, muntu wako mumoja, na njia ya kumufikia unaijua. Mbali kule, bamama ba batu na batoto ku mugongo. Mu mukono uko na kiberiti, na unajua vizuri moshi itapeleka nani wapi.

Niambie, bila kujisifu: weye ungefanya nini?